Madoa ya chatu wangu hayakurithiwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu chatu wa kufugwa niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mengi yameelezwa vizuri. Ila mwandishi wenu anasema chatu albino mwenye madoadoa meusi ana "jeni ya madoa", na kwamba anayemnunua amenunua na watoto wenye madoa. Maneno hayohayo niliambiwa miaka saba iliyopita na aliyeniuzia jike langu, tena bila kupepesa macho. Nikayaamini. Naomba nafasi nieleze kilichofuata.

Huyu ni chatu wa Afrika Magharibi, Python regius, yule mdogo ambaye akishtuka hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Ni mweupe mwenye mabaka ya njano na macho mekundu, na juu ya weupe huo yametapakaa madoa meusi 14, mengi yakiwa ubavu wa kushoto. Usiku wa kwanza nilidhani ni utitiri, maana wadudu wale wanaofyonza damu ya nyoka nao huonekana kama vinukta vyeusi. Nikampitishia mgongoni pamba iliyoloa maji. Pamba ikatoka nyeupe. Nikasogeza taa. Doa lililo juu ya jicho la kushoto limekata gamba moja katikati, nusu jeusi nusu jeupe, kama wino uliodondoka bila kujali mstari. Alipojivua ngozi niliinyoosha kwenye kioo cha dirisha. Ilikuwa angavu kama nailoni, isipokuwa vivuli vya kijivu mahali palepale penye madoa.

Muuzaji alinihakikishia: mpandishe na albino yeyote, nusu ya watoto watatoka na madoa. Nilingoja karibu miaka mitatu hadi jike akafikisha gramu 1,500, nikamtafutia dume albino. Alitaga mayai 6. Niliyaweka kwenye mashine ya kuangulia kwa nyuzi 31, na siku ya 58 pua ya kwanza ikachungulia nje ya ganda. Watoto 6, wote albino, wote safi. Msimu uliofuata wakaja 5, safi vilevile. Piga hesabu, Mhariri: kama madoa yale yangekuwa ya jeni inayotawala, yaani inayojitokeza hata ikitoka kwa mzazi mmoja tu, kila yai lina nafasi nusu kwa nusu, na kukosa mara 11 mfululizo ni jambo la mara 1 kati ya 2,048.

Nilipomrudia muuzaji, kwanza alisema nilimlisha jike vibaya. Kisha akasema jeni imejificha, nimpandishe na mwanawe mwenyewe ndipo itajitokeza. (Wafugaji wa nyoka hufanya hivyo kupima jeni zinazojificha, msinitazame vibaya.) Nilikuwa nimemweka dume mmoja wa uzao wa kwanza. Mayai 4, watoto 4, hakuna hata tone la weusi. Hapo nikaacha, kwa sababu kutaga kunamkausha jike na wangu alikuwa amekonda mgongo.

Ilibidi nijifunze mwenyewe. Albino hukosa rangi nyeusi kwa kuwa jeni yake moja imeharibika pande zote mbili, iliyotoka kwa baba na iliyotoka kwa mama. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliitambua katika chatu hawa. Ni ile iitwayo TYR, inayotengeneza kimeng'enya cha kuanzisha melanini, yaani ile rangi nyeusi yenyewe, na waliipata kwa kupima vinasaba vya ngozi zilizovuliwa, zilizotumwa na wafugaji kama mimi. Sasa doa jeusi kwenye mwili wa albino linasema kitu kimoja: katika seli za mahali pale, jeni hiyo inafanya kazi. Imefanyaje kazi? Maelezo yanayotolewa ni mawili. Labda seli moja ilipata badiliko wakati nyoka angali kiinitete, ikazaa ukoo wake wa seli na kuchora doa. Au viinitete viwili viliungana ndani ya yai moja, mmoja albino na mwingine wa kawaida. Wafugaji humwita nyoka kama huyo paradoksi.

Kwa maelezo yoyote kati ya hayo, ahadi ya muuzaji inaanguka. Mtoto hutokana na yai, na yai hutokana na seli za ovari. Seli za ubavuni hazina mkono humo. Na hata kama seli zenye jeni nzima zingekuwa zimefika kwenye ovari ya jike wangu, nisingepata watoto wenye madoa. Ningepata watoto wa kahawia na weusi mwili mzima, chatu wa kawaida kabisa! Jambo hili lilinichukua miezi kulielewa, na nikilielewa nilicheka peke yangu mbele ya tangi.

Nadhani najua mwandishi wenu alipojichanganya. Ipo aina iitwayo Banana ambayo huanguliwa bila madoa, kisha huota vinukta vyeusi kadiri anavyokua. Hiyo kweli hurithiwa, tena kwa namna ya ajabu, kwa sababu jeni yake imekaa kwenye kromosomu za jinsia, zile zinazoamua mtoto awe dume au jike. Dume aliyeipata kwa baba yake huwapa karibu wanawe wa kiume tu. Aliyeipata kwa mama huwapa karibu wa kike tu. Anayetaka madoa ya kurithisha na atafute huko. Lakini Banana na paradoksi wasiwekwe kwenye kapu moja kwa kuwa wote wana vinukta.

Jingine ni lile maelezo chini ya picha ya ukurasa wa tatu, "chatu akicheza kwa furaha". Mhariri, yule hachezi. Mistari ile myembamba kama utando ni ya aina iitwayo Spaida, na shingo kupinda vile ni ugonjwa unaokuja na jeni yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka huohuo wa 2022 uliowapiga picha nyoka hao ndani ya fuvu ulionyesha kwamba sehemu ya sikio la ndani inayoshika mizani ya mwili imeumbika vibaya. Wengine huyumba kidogo tu. Wengine, ukiwageuza chali, hawajui juu ni wapi, au humrukia panya wakamkosa kwa upana wa kiganja. Rafiki yangu anaye mmoja, na humlisha kwa koleo, panya akiwa ameshikiliwa karibu kabisa na mdomo. Bado hajatokea mfugaji aliyeweza kutenga mistari ile na yumbayumba yake.

Basi naomba maelezo ya picha ile yasahihishwe. Nimeambatanisha picha mbili za jike langu, ya mwaka nilipomleta na ya wiki iliyopita. Madoa ni yaleyale 14, yamevutika tu kadiri ngozi ilivyotanuka, na lile la juu ya jicho bado limekata gamba lilelile katikati. Mkizichapisha, tafadhali msiandike kwamba ana watoto wenye madoa.

Wenu,
Mfuga chatu