Kofia za wanawake wa kasri la Japani si visosi

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu marehemu baba alipokuwa akiliacha mezani baada ya chakula cha jioni, na muda wote huo sijawahi kuwaandikia. Mengi mmeyaandika ambayo sikukubaliana nayo, nikafunga ukurasa nikaendelea na kazi. Ile habari ya kofia za wanawake wa ukoo wa kifalme wa Japani, mliyoiweka kwenye ukurasa wa mitindo kwa kichwa cha maneno "Visosi vya Kasri", imenishinda kunyamazia.

Mwandishi wenu alidai mambo mawili. Kwanza, kwamba wanawake wale wanawaiga Waingereza tu. Pili, kwamba vikofia vyao havina kazi kwa sababu havikingi jua wala mvua. Mimi ni fundi wa kofia za kina mama. Nimeanza kufuatilia kofia za kasri la Tokyo zamani sana, wakati nikijifunza kazi hii kwa mama mmoja aliyekuwa akikusanya picha za magazeti ya nje, kwa hiyo naomba nimjibu.

Mwaka 1886 Haruko, mke wa Mfalme Meiji, ambaye leo anajulikana kwa jina la Malkia Shoken, alianza kuonekana hadharani akiwa na magauni ya Kizungu. Japani wakati huo ilikuwa imebanwa na mikataba iliyotiwa saini kwa shinikizo la mataifa ya Magharibi. Mgeni akifanya kosa kwenye ardhi ya Japani alihukumiwa na konseli (balozi mdogo) wa nchi yake, na serikali haikuwa huru kupanga ushuru wa bidhaa zinazoingia. Viongozi walitaka mikataba ile iondolewe, na waliamini kwamba hawatasikilizwa mpaka wale mabwana wawaone kuwa ni watu wa hadhi yao. Wanaume walitangulia kubadili mavazi. Mfalme mwenyewe alikata nywele zake mwaka 1873. Januari 1887 Haruko akatoa waraka kuhusu mavazi ya wanawake. Humo alieleza kwamba vazi la kale la nchi yake, lenye sehemu ya juu na ya chini, lilikaribiana na gauni la Kizungu kuliko kimono za siku zake. Kisha akawasihi wanawake wavae vitambaa vilivyofumwa nyumbani, ili viwanda vya Japani navyo vipate faida. Mwanamke aliyefikiria mikataba na ushuru na wafumaji kabla ya kuvaa gauni, mwandishi wenu anamwita mwigaji. Hata jina lake hakulitaja.

Kofia ilikuja pamoja na utaratibu huo, na ina mahali pake. Kuna gauni la shingo wazi, robe décolletée, linalovaliwa na taji dogo la vito, kama kwenye salamu za Mwaka Mpya ndani ya kasri tarehe 1 Januari. Kuna robe montante, gauni refu lililofunga shingo na mikono, ambalo ni la sherehe za mchana, na hilo ndilo gauni la kofia. Mwanamke wa kasri akivaa kimono, kofia haivaliwi. Tarehe 22 Oktoba 2019, Mfalme Naruhito alipotangaza rasmi kukalia kiti cha enzi, mkewe Masako alikuwa ndani ya vazi la kale la junihitoe, hariri tabaka juu ya tabaka, na nywele zimetengenezwa kwa mtindo wa kale. Hapo kofia haikuwa na nafasi. Lakini mrudishe mwandishi wenu kwenye mazishi ya Mfalme Hirohito, tarehe 24 Februari 1989. Wanawake wa ukoo walivaa nyeusi kuanzia shingoni, kofia nyeusi kichwani, na shela jeusi limeshushwa usoni. Septemba 2022 Masako alikwenda London kumzika Malkia Elizabeth II, naye alivaa kofia nyeusi. Anayeujua utaratibu huu akiona kichwa cha mama wa kasri, hata kabla hajasoma maelezo ya picha, amekwisha kujua kama ni msiba, shughuli ya mchana au sherehe kubwa ya taji. Hiyo ni kazi, Mhariri. Mwavuli ndio unaokinga mvua.

Sasa nije kwenye udogo wa kofia, maana ndio uliowachekesha. Zile ndogo zaidi, za duara, zinazokaa upande wa kichwa, watu huzihusisha na Michiko, ambaye sasa ni malkia mstaafu. Huyu ni binti wa mkuu wa kampuni ya kusaga ngano, mwanamke wa kwanza kutoka nje ya ukoo wa kifalme na wa makabaila kuolewa na mwana mrithi wa Japani, tarehe 10 Aprili 1959. Mwaka 1983 alifika hata kwetu Tanzania, na Kenya, pamoja na mumewe. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya kusalimia watu: wazee, wagonjwa, watoto walioshika bendera barabarani. Kofia yenye ukingo mpana ingewanyima uso wake, hasa akiinama, na Mjapani anayesalimia huinama. Kofia ndogo inaacha uso wote wazi, na anayepiga picha kutoka upande wowote anampata. Masako mara nyingi huonekana na kofia zenye ukingo, na hizo nazo hukunjwa au kuinuliwa ili macho yaonekane. Hayo ni maamuzi ya mtu anayejua anakwenda kufanya nini. Na wasiseme ni watu wa kujipamba tu, kwa sababu baada ya tetemeko la Kobe mwaka 1995 Michiko na mumewe Akihito waliwafuata waathirika kwenye makambi wakiwa na nguo za kawaida, wakapiga magoti sakafuni kuzungumza nao.

Kuna mtu nyuma ya kofia za Michiko. Akio Hirata, aliyezaliwa Nagano mwaka 1925, alikwenda Paris miaka ya 1960 kujifunza kwa fundi wa kofia Jean Barthet, akarudi Tokyo kufanya kazi yake. Alimshonea Michiko kofia. Akawatengenezea pia wabunifu wa mavazi Issey Miyake, Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto kofia za maonyesho yao. Alifariki mwaka 2014. Makala nzima ya kofia, kurasa mbili na picha za rangi, na fundi hayumo!

Nawaambia kwa nini jambo hili limeniuma. Mama mmoja, muuguzi mstaafu, alikuja kwangu na kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye gauni lake, akaomba kofia ndogo ya duara kwa ajili ya harusi ya mwanawe wa kwanza. Hakutaka maua ya plastiki wala manyoya. Nilikata kitambaa kigumu cha ndani, nikakilowanisha, nikakivuta juu ya kalibu ya mbao na kukiacha kikauke. Nikakifunika kwa kitambaa chake, mshono wote kwa mkono ili uzi usionekane juu. Ndani nikaweka utepe na kitana kidogo, nikatia lastiki nyembamba ya kupita chini ya nywele kisogoni. Kofia ilikaa. Alijitazama kwenye kioo changu, mgongo ukanyooka, akasema laiti marehemu mumewe angemwona. Siku ya harusi, ukumbi umejaa, mama wa bwana harusi anaingia akicheza na ndugu zake, mshereheshaji akapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Jamani mama amekuja na sahani yake mwenyewe, wa chakula mjiandae!" Ukumbi ukaangua kicheko. Wakwe wakacheka. Mpiga picha akacheka. Mama yule akaendelea kucheza mpaka meza kuu kwa sababu angefanya nini, na keki ilipoletwa, kofia ilikuwa imeshavuliwa na kushindiliwa ndani ya mkoba. Picha zote za kulishana keki, zile zitakazotundikwa ukutani, hana kofia. Alinirudishia imepondeka. Nikamwambia nitaitia mvuke, itarudi umbo lake, bila malipo. Akasema hapana, nimfumulie tu kitambaa atakitumia kwa kitu kingine. Nilifumua mishono yangu mwenyewe huku amekaa mbele yangu. Halafu ninafungua gazeti langu, gazeti la baba yangu, nakuta mtu aliyesoma, mwenye kalamu na muda wa kufikiri, anarudia utani uleule wa yule mshereheshaji kwa herufi kubwa nyekundu. Tangu siku hiyo wateja wangu wawili wameniomba nibadilishe oda, niwawekee mashada makubwa juu, "isije ikawa kisosi".

Na mkishawacheka wenye kofia zilizoshonwa, watu wanakimbilia zipi? Wanakimbilia zile za madukani zinazoingia kwa makontena, zimebandikwa kwa gundi ya moto, manyoya yamepakwa rangi inayochuja. Jasho la ibada moja ya Pasaka linatosha kuacha mstari wa zambarau kwenye paji la uso. Ndani hazina utepe wala kitana, kwa hiyo mama anakaa sherehe nzima mkono mmoja kichwani. Sijaona ukurasa wa mitindo ukiziandika hizo. Haruko aliwakumbuka wafumaji wake mwaka 1887. Gazeti linalotoka hapa nyumbani, leo, haliwakumbuki mafundi wanaolinunua.

Basi naomba yafuatayo. Mleteni mwandishi wenu kwenye meza ya fundi yeyote wa kofia, si lazima iwe yangu, akae tangu kitambaa kinapolowanishwa mpaka kofia inapotolewa kwenye kalibu. Asipige picha. Ashone mwenyewe duara moja kwa mkono, mishono isionekane juu, kisha ndipo aandike tena. Kuanzia toleo lijalo, chini ya kila picha ya mwanamke aliyevaa kofia kwenye shughuli rasmi, awe wa Tokyo au wa Dodoma, andikeni shughuli ilikuwa gani, kofia ni ya kitambaa gani, na jina la aliyeishona likijulikana. Mstari mmoja unatosha. Na kamati za harusi zinazosoma barua hii, wekeni kwenye mkataba wa mshereheshaji kwamba kwa kila neno atakalosema kuhusu mavazi ya mzazi wa maharusi atakatwa robo ya malipo yake, na fedha hiyo apewe mzazi mwenyewe siku hiyohiyo kabla ukumbi haujafungwa.

Mwisho, picha yenu ya pili mmeandika kwamba ni Masako. Yule ni Kiko, mke wa mwana mrithi Akishino. Masako ni yule aliyekuwa mwanadiplomasia katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani kabla ya kuolewa mwaka 1993. Naomba masahihisho hayo yatoke kwenye ukurasa uleule wa mitindo, kwa herufi za ukubwa uleule, na kwa rangi ileile nyekundu.

Msomaji wenu,
Fundi kofia, Morogoro