Barua kwa shoga yangu wa Tanga: mabinti wanaopiga hewa

Columbus, Ohio
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa Raskazone. Mimi mzima, hofu ni juu yako. Ile sauti yako ya dakika kumi na moja nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa na kalamu. Kwa hiyo shoga yangu, mwalimu wa jiografia, kakabidhiwa timu ya softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa mti, kwa sababu siku ya kikao alikuwa kaenda msibani! Asiyekuwepo na lake halipo, mwenzangu. Sasa limekuwepo, tulifanye.

Unasema mabinti wanakimbia, wanadaka, wana mikono, lakini wakishika gongo wanapiga hewa. (Tukubaliane mapema: kila nikiandika gongo namaanisha mti wa kupigia, si ile ya kwenye dumu.) Mimi si bingwa. Nilianza kwa kumsindikiza binti yangu uwanjani, nikaombwa nishike daftari, kisha nikaombwa niokote mipira, na huu ni msimu wa tatu niko kocha msaidizi wa kujitolea kwa wasichana wa chini ya miaka 12. Makosa yote unayoyaona huko nimeyafanya mimi hapa, na mengine nimeyabuni mwenyewe.

Kwanza uwaonee huruma. Kwa umri wa mabinti zako mrushaji husimama futi 43 kutoka kwenye lile bamba jeupe la chini anaposimama mpigaji, yaani kama mita 13. Wale wakubwa wanaozungusha mkono kama pangaboi wakiuachia mpira, mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuuona, kuamua na kupiga. Mwaka 2004 Jennie Finch, yule aliyechukua dhahabu ya Olimpiki kule Athens mwaka huohuo, aliwarushia mipira wanaume mabingwa wa besiboli katika mechi ya maonyesho. Albert Pujols akapiga hewa, Mike Piazza akapiga hewa, Brian Giles naye vilevile. Hawa ni watu waliozoea mipira ya zaidi ya kilomita 140 kwa saa! Sema wameizoea kutoka mita 18, kwa mkono unaotokea juu ya bega. Macho yao yalijua kusoma bega. Mkono ulipotokea chini, pajani, hawakuwa na cha kusoma. Hadithi hiyo ilinibadilisha, maana nilikuwa nikidhani kupiga ni kazi ya mikono.

Sasa nikuulize: mabinti zako si wamekua wakicheza rede? Bila shaka. Basi hapo ndipo ulipo ugonjwa wenyewe. Rede imewafundisha kuuona mpira mapema kuliko mtoto yeyote wa huku, na hilo ni jambo kubwa. Lakini imewafundisha pia kwamba mpira ukija, kazi yako ni kuukwepa. Miaka saba, minane, mwili unajifunza kukwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa. Halafu wewe unakuja na filimbi shingoni unamwambia asimame, asubiri, aupige. Mdomo utaitika ndiyo, mguu utakataa. Mtazame kwa ubavu, usiangalie gongo kabisa, angalia mguu wa mbele, ule ulio upande wa mrushaji. Badala ya kukanyaga kuelekea kwa mrushaji, unakimbilia pembeni, mbali na bamba, kiuno kinaufuata, na gongo linapita mahali ambapo mpira haupo. Nakuwekea dau la sahani ya pweza kwamba nusu ya timu yako iko hivyo.

Dawa yake haigharimu kitu. Weka ubao mrefu nyuma ya visigino vyake, sambamba na mstari wa kutoka kwa mrushaji. Mguu ukikimbia utagonga ubao, na ubao haumkaripii mtu. Warushie mipira ya soksi na nailoni kwanza, ile tuliyokuwa tunasuka wenyewe, uwaache hata iwagonge begani wacheke. Hofu ikitoka mwilini ndipo ulete mpira wenyewe, na kofia ngumu kichwani daima, hata kama ni zoezi la dakika mbili.

Baada ya hapo nenda kwenye kigingi. Huku wanakiita tii, kinauzwa madukani, lakini wewe usinunue. Tafuta bomba la plastiki la maji, lisimamishe kwenye ndoo ya zege, juu yake vika kipande cha mpira laini, bomba la rejeta kuukuu kwa fundi yeyote wa magari litafaa, ili gongo likikosea lisivunje kitu. Mpira unakaa juu kama yai kwenye kikombe. Kwa wavuvi wa kule Deep Sea ufukweni omba jarife, ule wavu wao, lililochoka, ulitundike kati ya miembe miwili, ila usilikaze. Liache lilegee na chini libaki la kuburuza, mpira ukiingia ufie humo. Sisi tulikaza wavu wetu kama ngoma, mpira wa kwanza ukarudi ukanipiga kwenye muundi. Nimechechemea wiki nzima kazini, na kila aliyeniuliza ilibidi nimweleze kwamba nimepigwa na mtoto wa miaka kumi.

Kwenye kigingi kuna siri moja ambayo wengi wanaipita: wanakiweka mahali pamoja mwaka mzima. Kihamishe. Mpira unaokuja karibu na mwili hupigwa mbele zaidi, kabla haujafika kwenye mguu wa mbele. Wa katikati hupigwa ukiwa sawa na mguu huo. Wa mbali hupewa subira, unaachwa uingie ndani kidogo, kisha unasukumwa upande wa pili wa uwanja. Mipira kumi kila mahali, na unachoangalia ni kimoja tu, unakwenda wapi kwenye wavu. Ukichimba ardhi, gongo limepita juu ya mpira. Ukipaa kama tiara, limepita chini. Binti atajisahihisha mwenyewe kabla hujafungua mdomo.

Na kuhusu kufungua mdomo, ngoja nikupe kisa. Tulikuwa na msichana mrefu, wenzake wakimwita Twiga, wazazi wake wametokea Bukavu. Alikuwa na macho makali na nguvu za ajabu. Siku moja kwenye mechi, amesimama tayari, mimi nikaanza kupiga kelele kutoka pembeni: kiwiko juu, goti lilegee, kichwa usiinue, mikono karibu, tazama mpira! Mpira wa kwanza ukapita, hakutikisika. Wa pili ukapita. Wa tatu ukapita. Hakuinua hata gongo. Alipokuja kukaa machozi yanamlengalenga, akaniambia polepole kwa Kiswahili chake cha kwao, "Koch, sasa nisikie gani?" Sikuwa na jibu. Mama yake alikuwa amekaa nyuma yetu na chupa ya chai, kasikia yote, akanimiminia kikombe bila kusema neno.

Tangu siku hiyo kila binti anapewa neno moja kwa wiki. Moja! Wa kwanza "mguu", wa pili "subiri", wa tatu "nyonga". Mengine nayaona, nayameza.

Hilo la nyonga lilinisumbua kulieleza mpaka nikakumbuka shughuli za kwetu. Unatoka jikoni umebeba sinia la pilau kwa mikono miwili na mlango umerudishwa. Unafanyaje? Unausukuma kwa nyonga, sinia linafuata. Gongo ni lile sinia. Nyonga ya nyuma ndiyo inayofungua mlango, mguu wa nyuma unajinyonga kwenye ncha ya kiatu kama unaponda mende, kisha mikono inakuja mwisho na inakuja kwa kasi. Mabinti wanaopiga kwa mikono mitupu huchoka baada ya mipira sita na mpira hauendi popote. Wape sinia la kweli wafanye mara tano, watacheka, lakini watakuwa wameelewa.

Mshiko nao: gongo likae kwenye vidole, si katikati ya kiganja, na vile vifundo vya kupigia hodi vya mikono yote miwili vipangane karibu mstari mmoja. Basi, usilikuze zaidi ya hapo.

Wakishaelewana na kigingi, anza kuwarushia kwa ubavu. Unapiga goti mbele yake kwa mshazari, upande wa pili wa bamba, hatua tatu hivi kutoka kwake, wala si mbele kabisa, nimekwambia habari ya muundi wangu. Mwonyeshe mpira, urudishe mkono nyuma ili naye aurudishe mwili wake nyuma kidogo, kisha uuachie polepole kuelekea mbele ya nyonga yake ya mbele. Huo mkono wako unaorudi ndio unaomfundisha majira. Kosa la makocha wengi ni kuutupa tu bila kuuonyesha, binti anashtuka, anapiga kwa hofu. Wewe rusha kama unayempa mtu chungwa.

Sasa niseme lile ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji gongo hata moja, nawe una mawili tu kwa wasichana kumi na nane. Mrushaji wako akifanya mazoezi yake, wapigaji wavae kofia ngumu wasimame mahali pao mmoja mmoja, mikono mitupu. Kazi ni kusema kwa sauti, kabla mpira haujafika, "ndiyo" au "hapana". Ndiyo ukipita juu ya bamba kati ya kwapa na goti, hapana ukienda kwingine. Mdakaji ndiye hakimu. Siku za mwanzo watasema baada ya mpira kutua, kama wale wanaotabiri mechi ikishaisha. Usiwacheke. Wiki ya tatu utasikia "hapana" ikitoka mpira ungali nusu ya njia, na hapo ndipo utajua macho yameanza kusoma paja la mrushaji, lile ambalo Pujols na wenzake hawakulisoma. Ukitaka kuongeza pilipili, paka mipira mitatu alama nyekundu na mitatu ya buluu, nao wataje rangi. Twiga alikuwa hakosei rangi hata moja. Kumbe siku ile alikuwa anaiona mipira yote mitatu vizuri sana, mimi ndiye niliyekuwa nimemjazia kichwa.

Kingine, vifuniko vya soda. Jirani yangu hapa ametokea Jamhuri ya Dominika, na kwao watoto wana mchezo wa mitaani uitwao vitilla, wanapiga vifuniko vya madumu ya maji kwa mpini wa fagio. Kifuniko kinayumba hewani kama kipepeo, ukikipiga hicho mpira utauona mkubwa kama fenesi. Kusanya vya soda dukani kwa Mangi, kata mipini ya fagio, wagawe wawili wawili. Wenye gongo la kweli wako kwenye wavu, wengine kwenye vifuniko, wengine kwenye "ndiyo" na "hapana", kisha mnabadilishana. Hakuna anayesimama foleni akisuka nywele za mwenzake. Ila wenye vifuniko watazame ukutani, na mrushaji wao aweke kofia ngumu pia, bati la kifuniko halina adabu.

Kuhusu ule mpigo wa kuuzuia mpira tu udondoke karibu, waachie wawili watatu wenye mbio. Kutoka bamba hadi kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji ni futi 60, kama mita 18, na kwa unavyomsifia yule wa Pongwe atafika kabla mdakaji hajainama. Lakini usiwafundishe wote mapema. Mwoga akijua kuna njia ya kutopiga ataikimbilia hiyohiyo.

Umeniuliza pia uanze kuhesabu vipi kama wanaendelea. Usihesabu mechi, mechi zitakukatisha tamaa. Ijumaa kila mmoja apige kumi kwenye kigingi, uandike ngapi zimeingia kwenye wavu kwa kimo cha kifua. Binti yangu alianza na mbili. Nilizificha zile karatasi kwenye kabati, juzi kazitafuta mwenyewe akazibandika mlangoni mwa chumba chake.

Nitumie video, tafadhali, mbili tu, za ubavuni, zikionyesha miguu. Nyuso zao sizihitaji kwanza, nitazijua kwa visigino. Na uniambie kama yule mkuu wako kakubali miembe itundikwe jarife, maana nakumbuka alivyo na wivu na embe zake.

Msalimie mama, mwambie udi alionitumia bado naufukiza kidogokidogo. Watoto wanakuamkia.

Wako,
shogayo wa barafuni

N.B. Lile bomba la kigingi ulikate kwa kipimo cha kiuno cha aliye mfupi kuliko wote. Kwa warefu utaingiza tofali chini ya ndoo, kwa mfupi huwezi kulikata kila jioni.