Kinyago kina aliyekichonga

Mhariri,

Ni miaka mingi sijawaandikia, lakini taarifa yenu ya juma lililopita, ya wanafunzi waliokwenda makumbusho kujifunza historia ya sanaa, imenishinda kuvumilia. Mlichapa picha ya watoto wamekizunguka kinyago kirefu cha mpingo, na chini yake mkaandika "kinyago cha asili". Cha asili kivipi? Ule ni mtindo wa ujamaa, watu waliobebana hadi juu, na anayetajwa kuuanzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyekuja kwetu kutoka Msumbiji. Vinyago vya shetani navyo, vile vya mapepo yenye maumbo ya ajabu, ni vya miaka ya 1950. Waulizeni wachongaji wazee, watawatajia Samaki Likankoa kuwa ndiye aliyevianzisha.

Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu wa darasa la tano kwenye makumbusho moja. Alisimama mbele ya kinyago kama hicho, akavihesabu vichwa kimoja kimoja, kisha akaniuliza, "Babu, nani alikichonga?" Kibao kilisema: Kinyago, Kimakonde, mpingo. Basi. Nikamwuliza mtembezaji, akanijibu, "Ni wazee wa zamani tu," akatuhimiza tusonge mbele. Chumba cha pili kulikuwa na picha za watawala wa kikoloni, kila mmoja na jina lake, cheo chake na miaka aliyotawala. Mtoto akazisoma zote kwa sauti. Mhariri, nilikosa pa kuuweka uso wangu. Baba yangu mzazi alikuwa mchongaji. Alikaa chini ya mwembe na tezo yake tangu asubuhi mpaka jua linazama, vinyago vyake vikanunuliwa vikapakiwa vikaenda, na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeandika jina lake. Huenda kimoja kimesimama leo kwenye kabati la kioo mahali fulani, nacho kinaitwa "Kimakonde", kana kwamba kabila lina mikono.

Na huko madukani ndiko kubaya zaidi. Mti laini unapakwa dawa ya viatu, mgeni anaambiwa ni mpingo. Picha za Tingatinga zimejaa kila ukuta, lakini waulize vijana wanaoziuza Edward Saidi Tingatinga alikuwa nani. Wachache watakwambia kwamba alianza mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi.

Ninachoomba ni kibao. Kiwekwe usawa wa macho ya mtoto wa miaka kumi, kwa Kiswahili, herufi nene: jina la mchongaji, kijiji chake, mwaka, aina ya mti. Jina likikosekana, kiandikwe "Mchongaji: jina lake halikuandikwa", ili mtoto ajue kwamba mtu alikuwapo. Nanyi gazetini, mkichapa tena picha ya kinyago, mpigieni kwanza simu mchongaji mmoja mzee kabla ya kuandika hayo maneno ya chini.

Mwalimu mstaafu,
Mtwara