Sahibu, bekari ianze kuandaliwa sasa

Langoni, Lamu

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Pepo za kusi zimekaza, abiria wa Mokowe wanashuka gatini wamelowa. Mama watoto anamsalimu sana shemeji.

Tangu uliponipigia simu usiku ule, maneno yako hayanitoki. Ulisema bado miaka mitatu, kisha utauza bekari yako ya huko Malindi, uende Hija na mkeo, halafu upumzike. Nikakujibu inshallah, tukaagana. Sikukuambia lililokuwa moyoni kwa sababu si la kuzungumzwa kwenye simu. Miaka mitatu si mingi, sahibu. Ukitaka kuuza baada ya miaka mitatu, kazi ya kuuza inaanza mwezi huu.

Unajua kwamba niliuza karakana, ila hujui niliiuzaje, na sijapata kumsimulia mtu. Mwaka 2019 sukari iliponipanda machoni, patasi ikawa inatafuta vidole vyangu badala ya mbao. Nikatoa habari kwamba nauza. Akaja mtu mzima mmoja, mstaarabu, pesa anazo. Nikamwonyesha randa ya umeme, msumeno, mbao za mbambakofi nilizozikausha kwa miaka. Nikamwambia karakana hii imetoa milango ya nakshi miaka 26, na wateja wanatoka hadi Nairobi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: mwaka jana uliuza milango mingapi, kwa kiasi gani, na baada ya gharama ikabaki nini?

Sikuwa na jibu. Pesa zilikuwepo, lakini za mlango na za samaki wa mchana zilikaa mfuko mmoja, na karo ya watoto ilitoka humohumo.

Akataka kuona mkataba wa pango. Mimi na mwenye nyumba tulikuwa tumekubaliana kwa mdomo tangu enzi za marehemu baba yake. Aliposikia kuna mgeni anaingia, akapandisha kodi maradufu siku ileile. Akauliza michoro ya nakshi iko wapi; nikajigusa kichwa. Akauliza mafundi. Walikuwa wameshasikia barazani kwamba nauza, tena si kwa kinywa changu. Mmoja alikwisha pata kazi Shela, na mwenzake akamfuata kabla wiki haijaisha.

Mwisho alinunua mashine peke yake, kwa bei ya mashine kuukuu, shilingi 280,000. Jina, wateja na ile miaka 26 hakuvilipia hata senti, na simlaumu, kwani sikuwa na kitu cha kumkabidhi. Siku walipoipakia randa kwenye mashua nilisimama gatini mpaka ikapotea machoni.

Sasa nirudi kwako. Nilipolala kwako mwezi wa Rajabu ulinichukua hadi bekari saa tisa za usiku. Kijana wako wa kazi alikuwa amemaliza kukanda, akasimama, na wenzake wote wakasimama wakikungoja. Ukaja, ukakibonyeza kinyunga kwa mgongo wa kidole, ukanyamaza kidogo, ukasema, "Bado. Dakika kumi." Usiku ule niliona fahari kuwa rafiki wa bingwa kama wewe. Leo nikikumbuka naingiwa na hofu. Mnunuzi akiyaona yale atajiuliza: mwenye kidole hiki akishaondoka, boflo zitaumuka? Akikosa jibu, atakulipa bei ya tanuri na trei, kama mimi nilivyolipwa bei ya randa.

Kwa hiyo nakuomba, kabla ya yote, umfundishe yule kijana mpaka kidole chake kijue kinachojua chako. Vipimo viandikwe: unga kilo ngapi, hamira kiasi gani, na joto la kaskazi likizidi unapunguza nini. Mwache aharibu trei mbili tatu nawe upo. Ikiwezekana nendeni Hija kabla hujauza, ukae huko siku zako zote, urudi ukute hoteli zimepata mikate yao. Mnunuzi akiambiwa hilo, na akaonyeshwa daftari la siku hizo, hutakuwa na haja ya kuisifia bekari.

Pesa nazo zitenge. Namba ya till, ile ya kupokelea malipo kwa simu, iwe ya bekari tu, na wewe mwenyewe ujilipe mshahara unaojulikana. Najua barazani kwetu kuitaja KRA, mamlaka ya kodi, ni kama kuita nuksi, lakini hebu fikiri. Biashara ya mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka inadaiwa kodi ya mauzo ya asilimia 3, inayolipwa kila mwezi. Ukiilipa, kila risiti inakuwa shahidi wako. Mauzo uliyoyaficha kwa mtoza kodi huwezi kuyatoa mbele ya mnunuzi ukamwambia ayalipie. Na huko Malindi, hoteli zikifunga wakati wa masika, mauzo hushuka. Anayekuja na pesa zake mwezi wa Juni ataona bekari inakufa, isipokuwa uwe na hesabu za miaka mitatu aone kila mwaka inashuka na kila mwaka inapanda. Ndiyo maana nasema uanze mwezi huu.

Liko jingine nililoelezwa na wakili nikiwa nimeshachelewa. Kwa sheria ya Kenya, anayenunua biashara huweza kubebeshwa madeni ya aliyemuuzia, ila tangazo la mauzo liwe limetolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali angalau miezi miwili kabla. Mnunuzi anayelijua hilo ataliogopa daftari lisilosomeka. Tena bekari yako umeisajili kama jina la biashara, siyo kampuni, kwa hiyo mbele ya sheria bekari ni wewe mwenyewe. Leseni ya kaunti na akaunti ya benki ziko mgongoni mwako. Muulize wakili kama yafaa uifanye kampuni mapema, ili siku ya kuuza ukabidhi hisa. Na mkataba wa pango uandikwe sasa, mwenye nyumba akiwa bado anakuchekea vizuri.

Limebaki la watoto, na hili linaniuma. Uliniambia hawaitaki bekari. Uliwauliza lini? Mimi sikumuuliza mwanangu hata siku moja. Nilijisemea kijana aliyesoma hatashika patasi. Mwaka jana, tukila futari, akaniambia, "Baba, ungeniambia, ningerudi." Sikuweza kumeza. Kwa hiyo muulize yule binti aliye Mombasa, umuulize uso kwa uso. Akikataa, uza ukiwa na moyo mweupe. Na Mungu akupe umri, lakini ukitangulia kabla mambo hayajapangwa, madeni yatalipwa kwanza kisha warithi wagawane, na tanuri haligawanyiki.

Nitavuka Mokowe Jumanne alfajiri nipande basi, kwa hiyo jioni niko kwako. Nakuomba usiiguse ile droo iliyo chini ya meza ya mizani. Niliiona: bili za stima zimeshikana kwa jemu, na oda ya hoteli imeandikwa nyuma ya pakiti ya sigara. Iache vilevile. Tutaimwaga mezani baada ya isha tuanze na karatasi moja moja. Miwani yangu ninayo, na daftari jipya nimekununulia.

Ndugu yako,
Fundi wa Langoni