Kwa nini bei ya mashine ya boti tunaishikilia siku saba tu

Hawakosi wateja wa Ukerewe au Igombe wanaorudi na profoma (karatasi ya bei tunayoandika kabla ya malipo) ya mwezi uliopita, wakiuliza mbona bei imebadilika. Wana haki ya kuuliza. Mashine tunaziagiza Dubai, na kule shilingi haipokelewi, tunalipa kwa dola.

Wengine hutushauri tulipe kwa dirhamu, fedha ya huko Dubai, ili tuikwepe dola. Haisaidii. Tangu 1997 Falme za Kiarabu zimeifunga dirhamu kwenye dola: dola moja kwa dirhamu 3.6725, liwe jua iwe mvua. Dola ikipanda hapa Mwanza, dirhamu nayo imepanda. Wenzetu wanaimudu kwa kuwa mafuta yao huuzwa kwa dola na akiba yao ni nono.

Shilingi haijafungwa popote. Tangu miaka ya 1990 thamani yake huamuliwa sokoni, na Benki Kuu huingia kuuza au kununua dola inapoona mambo yanayumba kupita kiasi. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, kisha mwisho wa mwaka ikateremka hadi karibu 2,400. Korosho, dhahabu na utalii vikileta dola nyingi, shilingi hupumua. Hata minofu ya sangara na mabondo (vibofu vya samaki) ya ziwa letu vina mchango wake.

“Si serikali itangaze kiwango kimoja yaishe?” Waulizeni wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwango kilitangazwa, lakini dola benki hazikupatikana. Magendo yakashamiri, na sabuni ikawa ya kupangiwa foleni. Bei ilitulia kwenye karatasi, bidhaa ndiyo haikuwepo. Binafsi, heri bei inayopanda na kushuka, mashine iwepo.

Sasa utaratibu wetu. Bei zote ni za shilingi, na ya mashine kwenye profoma tunaishikilia siku saba tu kwa sababu dola haitulii. Kanuni za 2025 zinakataza kudai fedha za kigeni kwa mauzo ya ndani. Ukilipa yote, tunanunua dola siku hiyohiyo na bei yako haiguswi hadi mzigo ufike. Ukilipa nusu, ni nusu hiyo tu iliyo salama. Inayobaki itafuata kiwango cha siku utakayomalizia. Dola ikishuka baada ya kulipa, hatukurudishii chenji. Ikipanda, hatukudai nyongeza.

Propela, plagi na oili zilizopo dukani zinabeba bei ya siku tulipozinunua. Ndiyo maana dola ikishuka leo, plagi haishuki kesho. Subiri shehena mpya, au kama boti imekwama mwaloni, njoo tuelewane.