Muziki tulivu usipigwe kama wa harusi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye mikahawa na hoteli za ufuoni hapa Mombasa, kuanzia Nyali hadi Shanzu. Muziki wa kielektroniki wa chilauti, ule mtulivu wa kupumzikia, mnaupenda na wateja wanaupenda, lakini namna mnavyoupiga inauharibu.

Muziki huu haukutungwa kujaza kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, klabu za London zilianza kutenga chumba cha pembeni ambamo waliochoka kucheza waliketi wakapoa. Kule Ibiza, Uhispania, dijei José Padilla alipata sifa kwa kupanga nyimbo zifuatane na jua linavyozama baharini. Kazi ya muziki huu ni kumshusha msikilizaji polepole, na imo katika kila kipande chake.

Chukua wimbo wa midundo 90 kwa dakika. Kutoka mdundo hadi mdundo ni kama milisekunde 667, basi mtengenezaji huweka mwangwi wa kinanda kwenye milisekunde 500, yaani robo tatu ya mdundo. Noti ikipigwa, jibu lake huangukia kati ya mdundo na mdundo, na sikio hufuata bila kusukumwa. Nyuma yake kuna sauti pana ya sinthesaiza (chombo cha kielektroniki cha kuunda sauti) inayochukua sekunde mbili tatu kufika kimo chake, ukali wake wa juu ukiwa umechujwa, ndiyo maana haimshtui mtu. Juu ya hayo yote hukaa mahadhi ya noti nne au tano yanayorudi kila mara yakiwa yamegeuka kidogo. Hapo ndipo penye utamu. Anayesema nyimbo hizi zote ni moja hajayasikia hayo mahadhi, na mara nyingi kosa si lake, ni la spika.

Kosa kubwa ni besi. Mitambo ikitoka kwenye sherehe huja na besi iliyopandishwa, kisha spika inasukumwa kwenye kona, na kona nayo huongeza besi yake. Kinanda kinafunikwa. Ivute spika angalau nusu mita kutoka ukutani, rudisha vitufe vyote vya kurekebisha toni sifuri, halafu punguza besi kidogo kidogo mpaka mahadhi yasikike waziwazi.

La pili ni spika mbili kubwa mbele kwa ajili ya ukumbi mzima. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidi maradufu sauti hupungua desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Meza iliyo mita 2 ikipata desibeli 80, ya mita 16 inapata 62, na hizo mawimbi na upepo wa kusi huzimeza. Mwenyeji anapandisha sauti, na wa mbele wanaanza kupayuka ili wasikizane. Weka spika ndogo 6 au 8, kila moja karibu na meza zake, zote zikitoa desibeli 60 hadi 65 mezani. Programu ya simu ya kupima sauti haipimi sawasawa, ila kwa kulinganisha meza na meza yatosha.

Kagueni na waya. Hewa ya chumvi huzila, na shaba ikishaota ukijani kwenye kiungio, spika ndogo ya sauti za juu hufifia au hukatikakatika. Besi inabaki, mahadhi yanapotea, na fundi asiyejua hupandisha sauti. Nyimbo zilizobanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde nazo ziacheni, kwani mikia ya mwangwi huchakaa. Tafuteni za 320. Tangazo la biashara likiingia katikati ya nyimbo mbili, kazi ya nusu saa imeharibika.

Kuna na saa. Machweo ya kiangazi ya Ibiza huvutavuta, na ufuo wao wa machweo unatazama magharibi. Wetu unatazama mashariki, na jua likishakuchwa, giza huingia kwa dakika 20 hivi. Orodha iliyonakiliwa kutoka kwao huku huchelewa. Anzeni saa 10 na nusu alasiri kwa midundo 105, mshuke hadi 80 kabla ya saa 12, na adhana ya Magharibi ikianza zimeni kabisa. Mkiwasha tena, msirudi mlikotoka juu. Anzeni na wimbo usio na ngoma, kisha ngoma ziingie taratibu kwenye 75.

Fundi wa sauti,
Mombasa