Jina langu halimo kwenye bima ya mume wangu

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia alfajiri, usingizi umenikataa. Yeye amelala fofofo, na hilo nalo linaniuma.

Nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwenye faili lake, maana vyeti vyote vinakaa humo. Sikuwa napekua. Nikakuta fomu ya bima yake ya maisha. Penye mnufaika, yaani atakayelipwa yeye akifa, pameandikwa jina la dada yake, asilimia 100, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mimi simo. Watoto hawamo.

Najua utasema aliijaza kabla hatujaoana. Ni kweli, tarehe inaonyesha hivyo. Lakini tangu hapo tumezaa, tumechukua mkopo wa nyumba tukasaini wote wawili, na makato ya bima hiyo yanatoka kwenye pesa hizi hizi tunazobana pamoja. Miaka yote hiyo hakukumbuka? Bima ya gari ikikaribia kuisha mbona anakumbuka! Wifi yangu sina ugomvi naye, ni mtu mwema, tumemuuguza mama mkwe pamoja. Ila ule mkopo benki hawatamdai wifi. Watanidai mimi.

Mimi si mtu wa tamaa, Shangazi. Sihesabu pesa za mtu aliye hai. Asiponiandika mimi, sawa, aandike watoto. Hapana, nataka aniandike mimi. Watoto ni wadogo, pesa yao lazima ishikwe na mtu mzima, na huyo ni nani kama si mama yao?

Nimesoma kwamba kwa kawaida kampuni ya bima inamlipa aliyeandikwa kwenye fomu, na kwingi hata wosia ukisema vingine haubadilishi kitu. Sasa hilo neno lake la "changu ni chako" litanisaidia nini siku hiyo? Na kubadilisha mnufaika mara nyingi ni kujaza fomu nyingine na kutia saini, basi. Saini tu, Shangazi!

Nikitaka kumwambia maneno yananikwama. Maana akisema haya, tuweke kila kitu mezani, mimi nina akaunti yangu asiyoijua. Si kwa ubaya. Wataalamu wenyewe wanasema familia iwe na akiba ya dharura ya matumizi ya miezi 3 hadi 6, na yeye tukipata chochote anakipeleka kwenye viwanja na hisa. Mtoto akiugua usiku utauza kiwanja? Akiba hiyo ndiyo iliyolipa ada mshahara wake ulipochelewa, akadhani nimekopa kwa rafiki. Nikaacha adhani hivyo.

Mrithi niliyemwandika kwenye akaunti hiyo ni mama yangu. Si sawa na alichofanya yeye. Mama yangu namjua, kila senti ingefika kwa watoto. Na mume wangu ndiye aliyechukua mkopo nami, akaniacha nje ya karatasi.

Sasa nikimwambia afungue faili lake, lazima nami nifungue akaunti yangu? Au nianze na fomu ya wifi, hayo mengine yangoje? Usiniambie nisubiri atakumbuka mwenyewe, nimesubiri bila hata kujua kwamba nasubiri. Na akiniuliza nimeionaje hiyo fomu, nimjibu nini?